Kibali cha Kazi na Haki ya Mgeni

Husemwa barazani kwamba kibali cha kazi ni karatasi ya serikali tu, haina uhusiano na dini. Sisi twaona sivyo. Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka Taifu hakuingia Makka, mji aliozaliwa, mpaka alipopata ulinzi wa Mut'im bin Adiyy, naye ni mshirikina, na hata baada ya vita vya Badri aliukumbuka wema huo.

Wazee wa Pumwani walichukia karatasi, na haki walikuwa nayo, kwani katika miaka ya 1920 kipande kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Lakini kipande kilimfunga mwenyeji katika nchi yake. Kibali ni mapatano baina ya mgeni na wenyeji, na mapatano ni wajibu kutimizwa.

Ama lawama kubwa ni ya nani? Huko Majengo na Eastleigh Mtanzania au Mganda hutumika dukani bila kibali, na tajiri wake humwambia, "Nitakuombea mwezi ujao." Mwezi haufiki. Ujira hupunguzwa, naye hathubutu kushitaki asije akafukuzwa nchini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yamtia hatiani tajiri huyo pia (na miongoni mwao wamo watoa sadaka wa kila Ijumaa!).

Wako wasemao kwamba asiye na kibali hana la kudai. Hilo twalikataa: kazi iliyokwisha fanywa, ujira wake ni deni juu ya tajiri, wala deni halifutwi kwa kumwita askari.