Asiye na Mtu

Yule aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika ya Bethzatha, katika Yohana 5, alipoulizwa na Yesu hakutaja ugonjwa wake. Alisema hana mtu. Kila maji yalipotibuliwa, mwingine alimtangulia.

Sisi wa Mtwara tunalielewa jibu hilo. Kabla ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyozinduliwa mwaka 2023, aliyeshindikana Ligula aliandikiwa rufaa ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 500. Njia imefupika, tunamshukuru Mungu. Foleni ipo bado, iwe ya kung'oa jino au ya upasuaji.

Ndipo tunapoambiana: “Mchungaji, humfahamu daktari yeyote? Piga simu tu.” Hatuiiti rushwa, maana hakuna fedha iliyotoka, tunaiita kusaidiana. Lakini simu haiongezi kitanda. Wetu akipanda, mwingine anashuka, na mara nyingi anayeshuka ndiye asiye na mtu. Hatumwoni, basi dhamiri inalala salama.

Je, tumwache mgonjwa wetu? Hasha. Hali yake ikibadilika tumweleze muuguzi, kwani wa dharura kutangulizwa si upendeleo. Tumchangie nauli, tumpikie anayemuuguza, tukae naye kwenye benchi. Hayo hayamnyimi mtu zamu. Na yule wa pembeni, aliyetoka Msimbati peke yake tangu alfajiri, tumwulize naye kama amekunywa chai.