Rubani na Amri ya Tano

Je, askari aliyepewa amri na mkubwa wake bado anayo dhamiri? Wengi hujibu: «Askari ni mkono tu, kichwa ni mkubwa wake.» Jibu hilo yafaa lipimwe kwa kisa cha mtu mmoja.

Saburo Sakai alizaliwa Japani mwaka 1916, akawa rubani wa ndege ya vita, ile ndogo ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani walikuwa wakikishambulia kisiwa cha Java, kilichotawaliwa na Waholanzi. Marubani waliamriwa kuangusha kila ndege ya adui, hata isiyo na silaha, kwa maana huenda imechukua wakubwa wanaokimbia.

Siku moja, kama alivyosimulia mwenyewe, Sakai aliona juu ya msitu ndege ya abiria. Aliiashiria imfuate, nayo haikutii. Akaikaribia, akatazama dirishani, akamwona mwanamke Mzungu na mtoto mdogo. Sura ya mwanamke huyo ikamkumbusha mwalimu Mmarekani aliyemtendea wema shuleni. Hakupiga. Alimwashiria rubani aende zake, wala katika taarifa yake hakuitaja ndege hiyo.

Sakai hakuwa Mkristo. Lakini Mtume Paulo awafundisha Warumi kwamba hata wasio na Sheria wanayo kazi ya sheria mioyoni mwao. Tena dhamiri yake haikusema alipokuwa mbali, kwa kuwa kutoka mbali aliona chuma tu. Ilisema alipokaribia. Mwindaji mwenye akili hatupi mkuki penye majani yanayotikisika, asijue kama nyuma yake yuko swala au mtoto wa jirani.

Mtu atauliza: huko si kuasi? Kuwatii wakubwa ni wajibu wa kweli, na Amri ya Nne yaufundisha. Lakini uwezo wa mkubwa watoka kwa Mungu, basi hauwezi kuamuru kinyume cha Mungu. Kumwua kwa kusudi asiye na kosa ni kinyume chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba utii wa upofu hauwapi udhuru watendao maovu ya namna hiyo.

Lipo neno gumu zaidi. Je, kama mwanamke yule asingalifanana na mwalimu? Wema uliotendwa darasani uliwaponya watu wasiojulikana, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo dhamiri inayoamshwa na sura iliyozoeleka tu ingali na usingizi. Mgeni asiyefanana na mtu ye yote wa ukoo naye ana roho.

Wala Sakai asifanywe mtakatifu, maana aliangusha ndege nyingi, na ndani yake walikuwamo watu. Agosti 1942, karibu na Guadalcanal, risasi ilimpiga kichwani na kumharibu jicho la kuume. Akarusha ndege yake zaidi ya saa 4 mpaka Rabaul, akiwa nusu kipofu. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alishika dini ya Buddha, akaazimu asiue tena kiumbe cho chote, hata mbu. Alifariki mwaka 2000, akiwa na miaka 84, baada ya kula chakula cha jioni katika kambi ya wanamaji wa Marekani huko Atsugi, pamoja na watu wa taifa alilopigana nalo.