Miriamu Alisimama Kando ya Mto

Somo: Kutoka 1:15 hadi 2:10

Tunawasalimu nyote, na zaidi wale walio wagonjwa na wale ambao bado hawajapata habari za ndugu zao walioachana njiani. Tunawakumbuka katika maombi ya kila Jumatano.

Habari za kuzaliwa kwa Musa tunazijua sote. Watoto wetu wameziigiza kwa kikapu na kitenge cha buluu kilichotandazwa chini kuwa mto. Safari hii tunaomba tuzisome polepole, tukihesabu watu. Kwanza wako wakunga wawili, Shifra na Pua, waliomwogopa Mungu kuliko mfalme. Kisha mama, aliyemficha mtoto miezi mitatu, na alipoona hawezi kuendelea akatengeneza kisafina na kukiziba vizuri ili maji yasiingie. Yuko binti Farao, mwenye mamlaka na fedha. Na yuko dada wa mtoto, msichana tu, aliyesimama kwa mbali akitazama.

Wakunga walifanya kazi yao. Mama alifanya yake. Binti Farao alimhurumia mtoto. Lakini mama hakuwa na njia ya kumfikia binti Farao, wala binti Farao hakumjua mama. Aliyewaunganisha ni yule msichana. Alitoka mahali alipokuwa, akauliza swali moja tu: je, aende kutafuta mama Mwebrania wa kumnyonyesha mtoto? Kwa swali hilo mtoto akarudi katika mikono ya mama yake, akanyonya, akasikia lugha ya watu wake, na mama akalipwa mshahara kwa kumlea mwanawe mwenyewe. (Akina mama hucheka kila tunapofika hapa, na wana haki ya kucheka.)

Tumechagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe. Mama mhusika ametupa ruhusa tulieleze bila jina. Septemba iliyopita mtoto wake mmoja wa hapa kanisani alianza darasa la kwanza. Baada ya wiki mbili akaacha kwenda. Mama akasema mtoto ni mzito wa akili, labda ni kwa ajili ya yale aliyoyaona wakati wa kukimbia. Tukaenda kumtembelea na kuomba. Tulipokuwa tukizungumza ndipo mambo yakatoka moja baada ya jingine. Mtoto alikuwa anatokwa na usaha sikioni tangu hajajua kutembea vizuri. Mshauri wa afya wa kijiji aliwahi kuliona sikio lile na kumwambia mama aende kituo cha afya, lakini wiki ile familia ilihama nyumba. Mama jirani anayelinda watoto asubuhi alijua kwamba mtoto huyu hachezi na wenzake. Na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alijua kwamba hajibu akiitwa akiwa nyuma. Alidhani ni ukaidi, akawa anamsimamisha pembeni.

Watu watatu, kila mmoja na kipande chake cha habari. Na sisi wazee tuliokuwa tukiwaona wote watatu kila Jumapili hatukuwahi kuwakalisha kwenye benchi moja. Hapo hatuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Sikio sasa linatibiwa. Mtoto amerudi shuleni na anakaa mbele, lakini bado yuko nyuma ya wenzake, na hatujui kama ataweza kupanda darasa mwaka huu.

Tunaposema mtoto yuko tayari kwa shule, wengi wetu tunafikiri ni kujua a-e-i-o-u na kuhesabu mpaka kumi. Hayo ni mazuri, lakini mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuyafundisha. Kuna mambo ambayo hawezi kuyaleta yeye: masikio yanayosikia, tumbo lisilo na minyoo, mwili ulioshiba tangu miezi ya kwanza, ulimi uliozoea kuulizwa na kujibu, moyo unaoweza kuachana na mama asubuhi bila kuogopa kwamba hatarudi. Hili la mwisho kwa watoto wetu ni zito, nanyi mnajua sababu. Baadhi yetu tulivuka mpaka Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipoingia Goma, wengine Mei 2021 mlima ulipolipuka tena, wengine Januari 2025 kwa sababu ya vita. Mtoto aliyewahi kupotezana na mama yake barabarani halii mlangoni mwa darasa kwa sababu ya kudeka.

Tusiseme pia kwamba hapa Rubavu hakuna msaada. Rwanda ina sera ya malezi ya watoto wadogo tangu 2011, na tangu 2020 iko taasisi ya taifa inayoshughulikia makuzi ya mtoto. Katika vijiji wako washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, wanaopima uzito na kufuatilia chanjo. Ziko ingo mbonezamikurire, yaani nyumba za wazazi zinazopokea watoto wa majirani, wazazi wakipeana zamu. Wako Inshuti z'Umuryango, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila kijiji, ambao kazi yao ni kusimama na familia zenye shida.

Na kuna jambo lililofanyika katika wilaya hii hii ambalo washirika wengi hawalijui. Mwaka 2018 mpango uitwao Sugira Muryango ulijaribiwa katika familia zaidi ya 1,000 za hali ya chini katika wilaya za Rubavu, Ngoma na Nyanza, zenye watoto wa miezi 6 hadi 36. Hawakujenga jengo. Mtu aliyefunzwa, mkaaji wa eneo hilo, aliitembelea familia nyumbani, mara kumi na mbili, akawaonyesha wazazi wote wawili namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyomo ndani, namna ya kuzungumza naye, lishe, usafi, na namna ya kumaliza hasira bila fimbo. Ilipopimwa ilionekana kwamba wazazi wanacheza zaidi na watoto wao, na kuwapiga kumepungua. Akina baba nao walishiriki. Tunarudia: akina baba. Baba anayekaa kwenye benchi la mbele kanisani halafu hajui kadi ya chanjo ya mtoto wake imewekwa wapi, hilo neno ni lake.

Kwa chakula hatutaongea mengi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2019/20 ulionyesha kwamba watoto 33 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, kutoka 38 mwaka 2014/15. Mtoto aliyedumaa huonekana mfupi tu, kumbe na akili yake imenyimwa chakula. Tuna Ziwa Kivu hapa chini. Sambaza kidogo zilizokaushwa, zikasagwa, zikatiwa katika uji au maharage ya mtoto, pamoja na lengalenga, zina faida kuliko biskuti tunazowanunulia wakilia.

Lugha inawasumbua wengi. Mtoto anaongea Kiswahili nyumbani, Kinyarwanda uwanjani, na serikali ilitangaza mwishoni mwa 2019 kwamba kufundisha ni kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Wazazi wengine kwa hofu wameanza kumsemesha mtoto Kiingereza cha maneno matano na kunyamaza yanapokwisha. Msifanye hivyo. Msemesheni sana kwa lugha mnayoijua kabisa, mwimbieni, mhadithieni habari za kijiji chenu. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja anayo mahali pa kuyaweka maneno ya lugha nyingine. Musa alianza na maneno ya mama yake kabla ya shule ya Misri.

Liko neno moja linalotuumiza zaidi, nalo ni "tutarudi". Hatulisemi vibaya, sisi wenyewe tunaliomba usiku. Lakini tumeliona likitumiwa kuahirisha kila kitu: chanjo tutamalizia nyumbani, chekechea ataanzia nyumbani. Someni barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli, sura ya 29. Nabii hakuwaambia wasahau kwao, ila aliwataka wajenge, wapande bustani na kulea watoto pale walipo. Miezi 15, ambayo ndiyo saa ya sindano ya pili ya surua, haiwezi kungoja mpaka njia ya Goma iwe salama. Na majirani zetu Wanyarwanda tusiwaone kama watu wasiojua kuhama: Mei 2023 mto Sebeya ulipofurika, familia nyingi za hapa Rugerero na Nyundo zilibaki bila nyumba. Watoto wao na wa kwetu watakaa dawati moja.

Basi tumekubaliana hivi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada ya pili, wale wanaowaona watoto wetu watakaa pamoja chini ya mti ule karibu na bomba: walimu wa shule ya Jumapili, akina mama wanaolinda watoto asubuhi, mshauri wa afya ambaye amekubali kuja ijapokuwa yeye ni wa kanisa jingine, na wazazi. Tutapitia watoto wenye miaka 5 na 6 mmoja mmoja, kwa siri ya wazazi wao, na kuuliza: anasikia? anaona? amepewa dawa ya minyoo? anacheza na nani? ni nani atakayemsindikiza kituo cha afya wiki hii? Tumemwomba dada mmoja wa kwaya awe mwandishi. Daftari lipo, kalamu tunatafuta.

Jumapili ijayo tunaanza. Njooni na kadi za chanjo, hata zilizoloana, hata zilizoandikwa kule ng'ambo ya mpaka, na asiye na kadi aje vilevile, na baba aje.