Je, Kutaja Jina ni Kusaliti?

Wako wasemao kwamba mgonjwa akiwataja wenzake mbele ya tabibu amewasaliti. Neno hili twaona lataka kupimwa. Mwaka 2018, katika mji wa Milwaukee, Marekani, ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 100 wenye kaswende, au virusi vya Ukimwi, au vyote viwili, walikuwa wameunganika kama nyuzi za wavu. Na baadhi yao walikuwa wanafunzi. Wavu wa namna hiyo hauonekani ila kwa kuuliza: umelala na nani?

Maradhi haya mawili hufuatana, kwa kuwa kidonda cha kaswende huwafungulia virusi mlango, nacho mara nyingi hakiumi, hata mwenyewe asijue. Basi anyamazaye amhifadhi nani? Twadhani ajihifadhi nafsi yake. Kaswende huponywa kwa penisilini, lakini asiyeambiwa haitafuti, naye mwenye mimba aweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Walakini aulizaye naye ana deni. Yampasa amwambie mtu, "Njoo upimwe," asimwambie ni nani aliyemtaja. Jina moja likifika kisimani (nasi twavijua vijiji vyetu), ni nani atakayefumbua kinywa tena?