Jasho na Sahihi

Mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea jezi aliyochezea fainali, ingali na madoa ya jasho na vumbi la Tabora. Akaomba kalamu aitie sahihi. Nikasita. John Stephen Akhwari alipomaliza mbio za marathoni huko Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, jezi yake ilihitaji wino gani? Jasho ndilo shahidi.

Kisha nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo. Jasho lao lilikauka njiani, na wengi wao leo hatuwajui hata kwa jina. Jasho hushuhudia kazi, ndugu msomaji, halimtaji mtu.

Nikampa kalamu. "Andika," nikamwambia, "lakini ndani ya ukosi, wino usifunike doa."