Ni Nani Aibebaye Ndoo?



Katika darsa yetu ya baada ya Isha tulikuwa tukizungumza juu ya israfu, na kila mmoja wetu alikuwa na lake la kusema. Mmoja alizitaja karamu za harusi, ambazo sinia za pilau hurudi nusu zimejaa zikamwagwa. Mwingine alizitaja taa ziwakazo mchana kutwa hali jua liko wazi. Nami, kwa kuwa ni baba wa watoto watatu wadogo, nilizitaja nepi. Nilisema, na nilisema kwa majivuno, kuwa nyumbani kwangu tumeziacha nepi za kutupa, na kwamba kichanga wetu wa miezi saba hufungwa winda za nguo kama tulivyofungwa sisi na kama walivyofungwa wazee wetu. Wenzangu wakanisifu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, naye si msemaji sana, akaniuliza neno moja tu: "Na ni nani azifuaye?"

Sikumjibu, kwani jibu nililijua, na kulisema mbele ya watu niliona haya. Haya niandikayo leo ndiyo jibu lake, ingawa limechelewa.

Nia yangu ya kwanza haikuwa mbaya. Siku moja niliwachukua watoto pwani wakati wa maji kupwa ili waokote simbi. Binti yangu wa miaka minne akaniletea kitu kimevimba, chapojoka, rangi yake haijulikani, akaniuliza kama ni samaki. Ilikuwa nepi. Nepi ya dukani ina ganda la plastiki kwa nje, na ndani yake mna nyuzi za miti pamoja na chembechembe za dawa inywayo maji mengi kupita uzito wake yenyewe. Ndiyo maana humfaa mtoto usiku kucha, na ndiyo maana ikifika baharini huvimba ikawa kama mzoga. Nyuzi zile huenda zikaoza. Lile ganda haliozi katika umri wangu wala wa yule binti aliyelishika mkononi.

Ndugu msomaji atakumbuka kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikatazwa katika nchi yetu, na adhabu yake si ya mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Kabla ya hapo wangapi walitunasihi tuviache vile vifuko vilivyokuwa vikining'inia kwenye miti na kuziba mitaro yetu, nasi tukawa twasikiliza kwa sikio moja? Sheria ikafanya kwa siku moja jambo ambalo nasaha hazikulifanya kwa miaka. Mimi mwenyewe nilikitoa kikapu cha ukili kilichokuwa kimetundikwa ukutani tangu zama za marehemu mama, nikaenda nacho Marikiti, nikajiona kama kwamba kukumbuka kile kikapu kulikuwa ni fikira yangu. Lakini sheria ile haikuigusa nepi, nami nikaona kwamba hapa ndipo mtu anapojulikana, pale ambapo hapana askari. Basi nikarudi nyumbani nikatoa amri.

Neno hilo, amri, nimelichagua kwa makusudi. Sikushauriana na mama watoto. Nilileta mitande ya kitambaa cha pamba, nikaiweka juu ya kitanda, nikaeleza habari za bahari na amana ya Mwenyezi Mungu, na maneno yangu yalikuwa mazuri. Yeye alisikiliza, akanyamaza. Nami nikakuchukua kunyamaza kwake kuwa ni kuridhika, kama wafanyavyo waume wengi.

Twakaa ghorofa ya tatu. Mfereji wetu hutoka maji siku mbili kwa juma, na pengine siku moja, na pengine saa chache za usiku wa manane. Siku zilizobaki twanunua maji ya mkokoteni kwa jerikeni, na mwenye mkokoteni hushusha mlangoni chini. Ngazi si kazi yake. Kichanga hubadilishwa mara nane au tisa kwa siku. Kila uwinda wataka kusuuzwa, kurowekwa, kufuliwa kwa sabuni, kisha kusuuzwa tena mpaka maji yatoke safi, kwani twataka tahara kabla ya usafi wa macho. Mimi nilikuwa nikirudi kazini jioni nikaziona winda zimeanikwa juu ya paa, nyeupe, zapepea kwa upepo wa kusi, nami nikafurahi kama mtu atazamaye shamba lake. Sikuwa nimebeba hata ndoo moja.

Hapa pana swali ambalo naona latupasa sote kulifikiri, wala si la nepi peke yake. Mtu akitoa sadaka katika kasha la jirani yake, hatuiiti sadaka, hata ikiwa maskini ameshiba kwayo. Twajua sote kwamba mali ile haikuwa yake kuitoa. Je, nguvu za mtu na usingizi wake si mali? Mgongo wa mwanamke aliyezaa miezi saba iliyopita si milki yake? Nami niliutoa mgongo ule kuwa sadaka yangu kwa bahari, nikasifiwa darsani. Thawabu nikajihesabia mimi, maumivu akayabeba mwingine. Mtu asije akaniambia kwamba mke na mume ni kitu kimoja. Maneno hayo twayasikia zaidi wakati wa kugawa kazi kuliko wakati wa kugawa raha. Na sisi tupendao kuisoma sira twajua sote kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, akishona nguo yake na kiatu chake kwa mkono wake. Jambo hilo twalihadithia sana. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona mmoja wetu akilifanya.

Nilikwenda kutafuta elimu ya jambo lenyewe, na nadhani nilikwenda nikitumai kupata hoja ya kujitetea. Nikakuta kwamba idara ya serikali ya Uingereza isimamiayo mazingira ilitoa uchunguzi wake mwaka 2005, ikaurudia mwaka 2008, ikizilinganisha nepi za kutupa na za nguo kwa mtoto mmoja katika muda wa miaka 2 na nusu. Kwa upande wa hewa chafu ipashayo dunia joto, wakaona kwamba hazikupitana sana: kilo 550 kwa za kutupa, na kilo 570 kwa za nguo zikifuliwa kwa desturi ya kawaida ya kule. Lakini mwenye kufua mashine ikiwa imejaa, akaanika nje kwenye kamba badala ya kukausha kwa umeme, na akamvisha mtoto wa pili zile zile alizovaa wa kwanza, huipunguza hesabu yake kwa kilo 200 au karibu na hapo. Kwa hiyo wema haumo ndani ya kitambaa. Umo katika mkono ukifuao na namna ukifuavyo. Sisi jua tunalo la bure, na nguo ya mtoto kumrithi ndugu yake ni ada yetu ya tangu zamani. Tulichopungukiwa ni maji, na mtu wa kuyapandisha.

Ama jambo la pili lililonitia haya zaidi lilikuwa la mwanangu wa kiume, mwenye miaka sita.

Kwa ajili ya shida hii ya maji nilikuwa mkali juu ya mfereji. Akiufungua nasema. Akichelewa kuufunga napiga kelele. Nilimfundisha kwamba israfu ni haramu hata kwa aliye kandoni mwa mto, na hilo ni kweli, latokana na mafundisho ya dini yetu. Alasiri moja nilimwona akitawadha kwa kikombe. Alikuwa akidondosha maji kidogo kidogo, akitazama mlangoni kama mwizi, na alipomaliza niliona visigino vyake vikavu kabisa. Nikamwuliza mbona hakuviosha. Akasema, "Baba, maji yangekwisha."

Sikuwa nimemfundisha kuyahifadhi maji. Nilikuwa nimemfundisha kuniogopa mimi, naye kwa kuniogopa akauharibu udhu wake. Kila mwenye kusoma fikihi japo kitabu kimoja ajua onyo lililokuja juu ya visigino visivyofikiwa na maji. Mtoto yule alikuwa amechukua nusu ya elimu kwa sababu baba yake alimpa nusu kwa kelele, na nusu ya pili, ile isemayo kwamba maji yameumbwa yatumiwe kwa kadiri na haki ya kila kiungo itimizwe, sikumpa.

Tukakaa chini, mimi na yeye, na beseni. Nikatawadha mimi kwanza kwa mfereji ulio wazi, kama nifanyavyo msikitini, na maji yote yakaanguka ndani ya beseni. Tukayapima kwa kopo la maziwa: yakawa makopo kumi na moja. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani mfano wa kibaba chetu. Mwanangu alicheka sana. Alinicheka mimi, na haki yake. Kisha tukatawadha kwa kata, yeye na mimi, mpaka visigino, yakatutosha makopo mawili kila mtu. Wazee waliojenga mabirika ya misikiti yetu ya kale, wakaweka kata pembeni na mawe ya kusugulia miguu, hawakuwa wajinga kama tunavyodhani sisi wa mifereji.

Aliniuliza maji haya hutoka wapi. Nikamweleza kwamba sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo. Kwamba mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama ndani ya mawe ya volkano, ikaenda chini kwa chini mpaka ikatokeza Mzima hali ni safi. Na kwamba tangu mwaka 1957 bomba la zaidi ya kilomita 200 huyaleta mpaka Mombasa. Nikamwambia pia kwamba kuna viboko waogao mle. Habari ya viboko ndiyo iliyomshika. Tangu siku ile, akimwona dada yake ameacha mfereji wazi, humwambia, "Funga, maji ya kiboko hayo!" Sikuwahi kupata athari hiyo kwa mahubiri yangu yote ya miezi sita.

Ndugu yangu mmoja katika darsa ameniambia kwamba yote haya ni kazi bure. Asema: mataifa makubwa na viwanda vyao ndio walioichafua hewa na bahari, nawe wahesabu makopo? Hoja yake ina uzito, wala siikatai. Lakini nilimkumbusha jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kiasi cha tani 10, likavishwa vipande vya kandambili za rangi rangi, na mwanzo wa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Niliwaonyesha watoto picha yake, na binti yangu akauliza, "Na wenye viatu wako wapi?" Sina shaka kwamba wenye viatu ni sisi, mmoja mmoja, kila mtu na kandambili yake moja iliyokatika ukanda. Hakuna kiwanda kilichozivaa. Na hata kama dunia haitatengenea kwa makopo yangu, mtoto aliyemo ndani ya nyumba yangu atatengenea au ataharibika kwayo, naye ndiye nitakayeulizwa.

Basi nyumbani tumepatana upya, na safari hii tulishauriana. Winda za usiku na za alfajiri nazifua mimi kabla ya kwenda kazini. Maji ya mkokoteni nayapandisha mimi. Usiku mtoto huvishwa nepi moja ya dukani, ili mama yake alale, na nepi hiyo hufungwa vizuri ikatupwa mahali pake, haiendi mtaroni. Nilipolieleza hili darsani kuna aliyesema kuwa huko ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo. Usingizi wa mama nao ni amana, na mwenye kutaka niiache nepi ile ya usiku nimemkaribisha aje afue yeye saa nane.

Siku za kwanza nilizifua vibaya. Mama watoto alizirudisha mbili beseni bila kusema neno, na mikono yangu ikachubuka kwa sabuni. Jirani wa chini aliponiona na ndoo ngazini aliniuliza kama mke wangu mgonjwa. Nikamwambia hapana, mzima. Akaduwaa kidogo, kisha akanipisha.

Mwanangu hunifuata na kidumu chake cha lita tatu. Huhesabu ngazi kwa sauti, naye hukosea akifika thelathini, tukarudi kuhesabu upya tukiwa tumesimama na mizigo yetu. Jana alfajiri mfereji ulitoka maji wenyewe, kwa nguvu, tangu kabla ya adhana. Nilimkuta amesimama mbele yake na kata mkononi, ameufunga, angojea niamke.