Barabara Isiyokwenda Popote

Agosti iliyopita nilimtumia baba mdogo video ya sekunde arobaini hivi. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na usukani wa baiskeli kwa mkono mwingine (usiniige, ni ujinga). Ilionyesha njia ya kokoto laini, maji upande wa kushoto, kondoo upande wa kulia, na hakuna gari hata moja. Nilidhani atafurahi. Baba mdogo ameishi nusu ya maisha yake juu ya baiskeli.

Alinipigia jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za baridi ambazo huniuliza hata kiangazi, akasema, "Nimeiona barabara yako, mwanangu. Nzuri kweli. Sasa inakwenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote, baba. Inazunguka ziwa, halafu unarudi pale pale ulipoanzia.

Akanyamaza kidogo. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Yaani mtu amejengewa barabara salama ya kumrudisha alikotoka?"

Ziwa lenyewe linaitwa Rutland Water, liko katikati ya Uingereza, kwenye kajimbo kadogo sana. Njia ya baiskeli inayolizunguka ina kilomita 27 hivi, na ukiongeza rasi ya Hambleton inayochomoza katikati ya maji, unafika 37. Ukiacha vipande vifupi vya barabara za kijijini, mzunguko mzima huna haja ya kutazama nyuma. Sijui kama msomaji asiyeendesha baiskeli anaelewa uzito wa jambo hilo. Mwendesha baiskeli wa kawaida ana masikio mgongoni. Anausoma mngurumo: hili ni gari dogo, hili ni lori, hili ni basi na dereva wake ana haraka. Pale ziwani, baada ya nusu saa hivi, masikio yale yanalala. Unaanza kusikia mnyororo wako mwenyewe.

Na watu wanafurahi, tusidanganyane. Siku ile nilimpita baba anayemfundisha binti yake kuendesha, anakimbia ameinama ameshika tandiko, jasho linamtoka kuliko mtoto. Nilimpita mzee asiye na nguvu miguuni, amelala kwenye baiskeli ya magurudumu matatu anazungusha pedali kwa mikono. Nilipitwa na bibi wa miaka sabini na ushee kwenye baiskeli ya umeme, akanisalimia kama ananionea huruma. Kuna hata ndege mmoja mkubwa wa jamii ya mwewe, mla samaki, aliyekuwa ametoweka sehemu hizo kwa zaidi ya karne. Walianza kumrudisha mwaka 1996, na 2001 akaangua kifaranga pale. Ikifika baridi anaruka mpaka Afrika Magharibi, halafu anarudi, na hakuna anayemwomba viza.

Kwa hiyo sina ugomvi na ziwa. Ni lile swali la "inakwenda wapi" lililoniganda.

Baba mdogo alikuwa akisomba mkaa. Miaka ya tisini, kutoka Kisarawe kushuka Pugu, Gongo la Mboto, mpaka Buguruni. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix nyeusi, keria imeongezwa vyuma, magunia mawili ya mkaa, siku ya tamaa matatu. Kwenye mteremko wa Pugu breki haikuwa ile ya kiwandani. Ilikuwa kandambili ya mguu wa kulia aliyoikandamiza kwenye tairi la nyuma. Kila baada ya wiki kadhaa alinunua kandambili mpya, ya kulia tu ingeuzwa peke yake angeshukuru.

Alikuwa akiondoka saa tisa usiku. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu ya jua, au ili awahi bei nzuri. Siku moja akaniambia ni kwa sababu ya magari. Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu barabara ni yako, alisema, baada ya hapo ni yao. Yaani naye alikuwa na njia yake isiyo na magari. Yake ilikuwa saa, siyo mahali, na aliilipia kwa usingizi.

Asubuhi moja alichelewa, mnyororo ulikatika njiani. Kulishakucha. Kioo cha pembeni cha basi kikamgonga begani, akaenda na mkaa wake wote mtaroni, mguu ukavunjika sehemu mbili. Anachechemea mpaka leo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni maneno ya watu waliokuja kumjulia hali. Watu wema, wamekuja na machungwa. Wanakaa, wanatoa pole, halafu wanauliza: sasa na wewe saa ile ulikuwa barabarani unafanya nini? Na yeye, mguu uko kwenye plasta, anaeleza habari ya mnyororo kama mtu anayejitetea mahakamani. Hakuna aliyeuliza dereva wa basi alikuwa anafanya nini saa ile.

Hapo ndipo ninapoona jambo zima limejificha. Tunapoamua nani atengewe nafasi salama, tunakuwa tumeshaamua kimya kimya safari ya nani ni safari halali. Huko Kisarawe mwenye basi alikuwa na safari, baba mdogo alikuwa kikwazo kwenye safari ya mwenzake. Na huku ninakoishi si tofauti sana, ila wamepaka rangi. Mtu akitaka kupumzika kwa baiskeli, anapewa kilomita 37 za amani. Akitaka kwenda kazini kwa baiskeli ileile, anapewa mstari mweupe uliochorwa ukingoni mwa lami, na unaishia ghafla kwenye mzunguko wa magari, pale hasa unapouhitaji.

Kichekesho zaidi ni maegesho ya pale ziwani. Jumamosi yamejaa magari yenye baiskeli mgongoni na juu ya paa. Watu wanaendesha gari saa nzima ili wakaendeshe baiskeli mahali pasipo na magari. Nami ndivyo nilivyofika, kwenye gari la mfanyakazi mwenzangu, kwa hiyo sijitoi.

Nilimweleza huyo mwenzangu habari hizi tukinywa chai, akanijibu kwa busara. Unalinganisha vitu viwili, akasema. Ziwani kuna nafasi. Mjini hakuna nafasi, barabara ni nyembamba, nyumba zimeshajengwa, utabomoa ya nani? Ni hoja nzito. Ningeikubali, isipokuwa hoja hiyo tulikuwa tunaizungumza juu ya bonde lililozamishwa.

Maana Rutland Water si ziwa la Mungu. Ni bwawa. Miaka ya sitini miji ya ukanda ule ilikuwa inakua na maji yanahitajika. Mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha sheria, wenyeji wakapinga, wakashindwa. Mto Gwash ukazibwa karibu na kijiji cha Empingham kwa ukuta wa udongo wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na katikati ya miaka ya sabini maji yakaanza kupanda. Kijiji cha Nether Hambleton kikazama, na Middle Hambleton karibu chote. Kilichobaki ni Hambleton ya juu, kwa kuwa ilikuwa kilimani. Ndiyo ile rasi. Kanisa la Normanton lilivuliwa uwakfu, sakafu yake ikajazwa mawe na zege ikainuliwa mpaka juu ya kimo cha maji, na leo limesimama ukingoni nusu yake ikiwa chini, kama mtu aliyeingia ziwani akasita. Watu hufungia ndoa humo. Njia ya baiskeli inapita karibu kabisa.

Na maji yale ndiyo ninayokunywa. Mji wangu unayapata kutoka pale. Kila ninapofungua bomba nachota kidogo juu ya bustani ya mtu fulani wa Nether Hambleton, siwezi kujifanya nimesimama pembeni.

Kwa hiyo nafasi hupatikana. Taifa likiamini kwamba jambo ni hitaji, linahamisha mto, linainua sakafu ya kanisa, linawaambia watu wafungashe virago. Mimi sisemi lilikosea. Watu wa mjini lazima wanywe maji, ingawa ningependa kujua mabibi wa Hambleton waliambiwaje. Ninachosema ni kwamba baada ya hapo neno "hakuna nafasi" haliwezi kutamkwa kirahisi. Maana yake halisi ni "sijaona kama ni hitaji."

Waholanzi tunawasifia kana kwamba walizaliwa na njia za baiskeli. Sivyo. Baada ya vita walijaza magari mijini kama wengine, na mwaka 1971 peke yake watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo. Mwandishi wa habari mmoja aliyepoteza mtoto akaandika gazetini kwa uchungu, kukazaliwa kundi lililojiita kwa maneno makali kabisa: komesheni mauaji ya watoto. Wazazi waliziba barabara. Hawakuomba sehemu ya kupumzikia wikiendi. Walidai njia ya kwenda shule, na baadaye wakaipata, kwenye miji ya zamani ambayo ni myembamba kuliko huu wangu.

Kuna tofauti, nadhani, kati ya hisani na haki, na inaonekana kwenye ramani. Hisani huwekwa panapomfaa mtoaji. Njia ya ziwani ilikuwa rahisi kutoa, ardhi ilikuwa ya bwawa tayari, hakuna dereva aliyepunguziwa kitu. Haki hudaiwa pale alipo mwenye haki, na mara nyingi mwenye haki yupo mahali pa usumbufu: kwenye mzunguko wa magari saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mteremko wa Pugu na magunia mawili.

Hata hivyo kuna upande mwingine ambao baba mdogo mwenyewe alinionyesha, bila kukusudia. Baada ya kucheka nikamuuliza, kama ungepewa barabara moja tu, ungechagua ipi, ile ya ziwa au ya kwenda Buguruni? Nilijua jibu. Nilitaka alitamke nilitumie kwenye andiko hili, nakiri.

Akafikiri. "Ile ya Buguruni ningeipata wakati ule, mguu ungekuwa mzima," akasema. "Lakini sasa hivi mkaa sisombi. Ningetaka ile ya kwako. Miaka yote ile sijawahi kupanda baiskeli bila mzigo."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamuuliza habari za mguu. Akasema unauma kukiwa na mvua, na kwamba ile Phoenix bado ipo, imeegemezwa nyuma ya nyumba, tairi zimeisha lakini fremu nzima. Kisha akaniuliza kesho naenda kazini na nini. Nikamwambia na baiskeli, baba.

"Saa ngapi?"

Saa kumi na moja alfajiri, nikamwambia.

"Vizuri," akasema. "Wahi, kabla hawajaamka."